Miji Isiyo na Magofu

Mgeni anayependa historia akifika mahali, swali lake la kwanza huwa moja: magofu yako wapi? Akienda Kilwa Kisiwani ataonyeshwa Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Akienda Bagamoyo atapelekwa Kaole. Akivuka kwenda Mafia atapandishwa mashua hadi kisiwa cha Juani kuutazama mji wa Kua. Lakini akishuka Kibiti na kuuliza swali hilo hilo, ataambiwa kwamba huku hakuna kitu. Aendelee na safari yake ya Kilwa, au apinde kulia aende Mloka akatazame tembo.

Na si mpita njia tu anayejibu hivyo. Mara nyingi anayejibu ni mwalimu, tena mwalimu wa historia, mzaliwa wa hapo hapo. Katika miaka yangu ya kufundisha walimu nimelisikia jibu hilo mara nyingi, nami nimekaa nalo muda mrefu. Kwa upande mmoja ni jibu la kweli: magofu hakuna. Kwa upande mwingine ni jibu la hatari, kwa sababu mtoto anayelelewa nalo hukua akiamini kwamba waliomtangulia hawakufanya lolote la kusimuliwa.

Tuanze mbali kidogo, ili tukirudi nyumbani tuone vizuri. Bonde la Mto Nile huko Misri limepita katikati ya jangwa. Kando ya mto kuna ukanda mwembamba wa kijani, na hatua chache tu baada ya hapo mchanga mkavu unaanza. Mvua ni adimu mno. Wamisri wa kale walijenga makaburi ya wafalme na nyumba za miungu kwa mawe, lakini nyumba za kuishi, hata majumba ya wafalme wenyewe, walijenga kwa matofali mabichi ya tope la mto. Ndiyo maana mgeni anayefika Luxor leo anaona hekalu la Karnak na makaburi ya Bonde la Wafalme, ilhali mitaa walimoishi wavunaji wa ngano na wabeba mawe sehemu kubwa imerudi kuwa udongo. Kumbe hata huko, kwenye magofu mengi kuliko popote, kilichobaki si historia yote. Ni ile sehemu tu iliyojengwa kwa jiwe na kuhifadhiwa na ukavu.

Sasa turudi Rufiji. Mto huu unazaliwa pale Kilombero na Luwegu zinapokutana, na kabla ya kushuka bondeni unapokea maji ya Ruaha Mkuu. Eneo lote linalouletea maji ni takriban kilomita za mraba 177,000, yaani karibu sehemu moja kati ya tano ya Tanzania Bara. Maji hayo yakiisha kupita tambarare za Utete na Ndundu hugawanyika katika matawi mengi na kuingia baharini kwa midomo kadhaa, Simba Uranga, Kikunja, Kiomboni, Msala na mingineyo, katikati ya msitu wa mikoko wenye zaidi ya hekta 50,000. Hapo jiwe la kujengea ni haba. Watu hujenga kwa kile walichopewa na Mungu: boriti za mikoko, fito, udongo na makuti. Nyumba ya namna hiyo ni nzuri, ina ubaridi na hujengwa kwa siku chache, lakini ina maadui watatu: mchwa, chumvi na mto. Baada ya miaka hamsini huoni hata nguzo. Ukimwambia mgeni kwamba hapa palikuwa na mji, ataona minazi mitatu na mwembe mmoja, naye atakuwa na haki ya kutabasamu.

Lakini miji ilikuwapo. Katika karne ya 1 baada ya Kristo, baharia mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki alitunga kitabu cha kuwaongoza wafanyabiashara katika bahari yetu, kinachoitwa Periplus. Anasema kwamba soko la mwisho kabisa la pwani hii liliitwa Rhapta, na kwamba jina hilo lilitokana na mashua zilizoshonwa kwa kamba. Waliokuja kutoka Arabuni walileta mikuki, mashoka, visu na vitu vya vioo, wakaondoka na pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Baadaye Ptolemy, mwanajiografia wa Alexandria, akauweka mji huo karibu na mto. Je, ni mto gani? Wataalamu wamebishana muda mrefu. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miongoni mwa wanaosema kwamba Rhapta itafutwe katika eneo la Delta ya Rufiji, na katika miaka ya 1990 alichimbua huko Mkukutu, karibu na Kibiti, akapata pamoja na vigae vya vyungu vya kale ushanga wa kioo aliouhusisha na biashara ya Warumi.

Tusiharakishe kupiga vigelegele. Ushanga si mji, na mjadala wa Rhapta haujafungwa. Lakini tazama jambo lenyewe lilivyo. Ushahidi wa mji ambao pengine ndio wa kale kuliko yote iliyoandikwa katika pwani yetu si ukuta wala mnara. Ni punje za kioo zinazoenea kiganjani. Anayetafuta ukuta atazipita bila kuziona. Hilo ndilo somo la kwanza la historia ya bonde hili: kwanza ujue unatafuta nini.

Tukija karne za karibu, mambo yanaonekana waziwazi zaidi. Rufiji ilikuwa ghala. Mchele wa bonde hili ulipakiwa majahazini kwenda Unguja, na boriti za mikoko zilivuka bahari hadi Arabuni na Ghuba ya Uajemi, nchi za jangwa ambako mti wa kuezekea haupatikani. Yamkini wapo watalii wanaosafiri leo kwenda Uarabuni kustaajabia majumba ya kale, wakatazama juu na kuona dari imeshikwa na mti uliokatwa na mtu wa Delta aliyesimama matopeni hadi magotini. Jumba limebaki kule, na huku kimebaki kisiki, nacho kimekwisha kuota tena.

Wajerumani waliitambua mapema thamani ya miti hiyo. Mnamo mwaka 1898 waliiweka mikoko ya Delta chini ya usimamizi wa serikali, na Salale ikawa kituo cha maofisa wa misitu. Magome ya mikoko nayo yalitafutwa kwa kazi ya kusindika ngozi. Kwa hiyo tunapowafundisha watoto kwamba uhifadhi wa misitu ni jambo la juzi, tuwaambie pia kwamba mkata boriti wa Salale alianza kuombwa kibali kabla babu zao hawajazaliwa, katika msitu ambao wazee wake walikuwa wakiukata na kuuacha uote kwa karne nyingi.

Mji mwingine ni Mohoro. Anayepita barabara ya kusini leo huuona kama kijiji cha kawaida tu. Lakini Mohoro palikuwa makao ya utawala wa Kijerumani katika Rufiji, kabla makao hayajahamia Utete, na hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo kila mwanafunzi wa Tanzania hulisoma bila kuambiwa ni wapi. Katika mwaka 1904 mtu wa Ngarambe aitwaye Kinjikitile Ngwale, kama wazee walivyosimulia, aliingia katika kidimbwi cha maji akachukuliwa na pepo Hongo. Siku ya pili akatoka nguo zake zikiwa kavu, naye akaanza kutoa maji ya dawa na ujumbe wa umoja. Watu walimiminika Ngarambe kutoka pande zote za Rufiji na Umatumbi. Mwishoni mwa Julai 1905 pamba ya kulazimishwa iling'olewa Nandete, vita vikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa na siku chache tu, Kinjikitile alinyongwa Mohoro. Moto aliouwasha uliendelea hadi mwaka 1907, na Wajerumani wenyewe walikadiria kwamba walikufa watu 75,000, wengi wao kwa njaa. Wanahistoria wa baadaye wamekadiria zaidi ya hapo, mara mbili na hata mara tatu.

Nimewahi kuwauliza wanachuo darasani: Kinjikitile alinyongwa wapi? Wengi waliijua tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyotoka mwaka 1969, wakajua majina ya wahusika na maudhui, wakaweza kujadili nusu saa nzima. Mohoro hawakuitaja. Niliwaambia kwamba historia isiyo na mahali ni kama barua isiyo na anwani: imeandikwa vizuri, lakini haimfikii mtu.

Sasa tuangalie yale ambayo wageni huonyeshwa, maana vivutio vipo. Cha kwanza ni habari za manowari ya Kijerumani Königsberg. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari hiyo iliizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Unguja, kisha kwa sababu ya hitilafu ya mitambo ikajificha katika matawi ya Delta. Waingereza waliiziba njia miezi mingi. Walikiteka kisiwa cha Mafia mnamo Januari 1915, wakaleta ndege za kuchungulia kutoka angani na meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey. Tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ilipigwa hadi ikaachwa na mabaharia wake wenyewe wakamalizia kuiharibu. Mizinga yake kumi ilitolewa majini na kupelekwa kupigana nchi kavu. Mmoja upo leo mbele ya Fort Jesus, Mombasa, na mwingine upo Pretoria. Mwili wa meli ulibaki matopeni, ukikatwakatwa na wauza vyuma mwaka baada ya mwaka, hadi mwaka 1966 ulipozama ndani ya tope. Hata chuma cha Ulaya, basi, kiliweza kukaa katika Delta miaka hamsini na kidogo tu. Mto haukukipendelea kuliko nyumba zetu za makuti.

Kivutio cha pili ni kaburi la Frederick Selous, mwindaji mashuhuri wa Kiingereza aliyeuawa kwa risasi huko Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, akiwa na umri wa miaka 65. Pori la akiba lilipewa jina lake mwaka 1922, na kaburi lake lipo hadi leo, limetunzwa. Cha tatu ni korongo la Stiegler, lililopewa jina la Mzungu aliyeuawa na tembo mahali hapo mwaka 1907.

Sina ugomvi na marehemu hawa. Kaburi ni kaburi, na mgeni akisimama hapo avue kofia. Lakini hesabu kidogo haidhuru. Mitambo ya Königsberg ilipoharibika, vipande vyake vizito vilikokotwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam na kurudishwa tena Delta. Waliovikokota walikuwa Waafrika, kwa maelfu. Katika masika ya mwaka 1917 majeshi mawili yalitazamana kuvuka Rufiji iliyofurika, na chakula na risasi vya pande zote mbili vilibebwa kichwani. Wapagazi waliokufa katika vita vile vya Afrika Mashariki ni makumi ya maelfu. Sanamu ya Askari ipo Dar es Salaam tangu mwaka 1927, nayo ni jambo jema. Huku bondeni ulipobebwa mzigo wenyewe, hakuna ubao hata mmoja ninaoujua wenye jina la mpagazi wa Rufiji. Mtu mmoja alikufa na pori zima likaitwa kwake. Maelfu wakafa na hata mti haukuitwa kwao.

Hapa msomaji anaweza kuniuliza: kama miji haikuacha mawe, na watu hawakuacha makaburi yenye majina, basi wamebakiza nini? Jibu langu ni kwamba wamebakiza elimu ya kuishi na mto. Hilo ndilo hekalu la Rufiji.

Nilifika bondeni mara ya kwanza katika miaka ya 1970, mwalimu kijana, nikiwa nimetoka nchi ya milima ambako mafuriko tuliyajua kama balaa tu. Huku nilikuta watu wanayangoja. Mpunga hupandwa kwa mvua za mwanzo, ili maji ya mto yakipanda, mmea uwe umekwisha kuwa mrefu, usimame kichwa nje. Maji yakishuka, katika tope lililobaki hupandwa mahindi, kunde na hata pamba, bila kungoja mvua nyingine. Hicho ndicho kilimo cha mlao. Wakati wa mavuno familia huhamia shambani na kuishi katika madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo ndefu, wakilinda mazao dhidi ya ndege, nguruwe na viboko. Mafuriko hayo hayo hujaza maziwa ya bondeni kama Ruwe, Utunge na Zumbi, na kuyatia mbegu ya samaki. Mzee mmoja wa Utete aliniambia hivi: "Mwalimu, mto ukikosa kuja tunalala njaa, na ukija na hasira tunalala njaa. Kazi yetu ni kuijua nia yake mapema." Na waliijua kwa kutazama rangi ya maji, mwelekeo wa upepo na mahali ndege fulani walipojenga viota. Elimu hiyo haikuwa na kitabu, na hakuna mtahini aliyewahi kuitungia swali.

Miji nayo iliifuata elimu hiyo. Mto huu hauna adabu ya kukaa mahali pamoja. Katika miaka ya 1970, kwa mfano, maji mengi yalianza kugeukia matawi ya kaskazini ya Delta. Kusini chumvi ikapanda mashambani, na kaskazini maji baridi yakaingia mikokoni, wakulima wa mpunga wakayafuata. Katika chuo nilikokuwa mkuu nilikuwa na desturi ya kumtaka kila mwanachuo aandike historia ya kijiji chake katika kurasa mbili. Kijana mmoja wa Delta aliniletea nusu ukurasa. Aliandika kwamba kijiji chao kimehama mara tatu: mara ya kwanza mto ulikula msikiti, mara ya pili kisima kiligeuka chumvi, na mara ya tatu ilikuja amri ya serikali. Kisha akaorodhesha majina ya mahali pote patatu na mti ulioachwa kila mahali. Katika miaka yangu yote ya kusahihisha sijasoma historia fupi kuliko hiyo iliyosema mengi zaidi. Hakuwa akieleza kijiji kilichoshindwa kudumu. Alikuwa akieleza kijiji kilichodumu kwa sababu kilijua kuhama.

Amri aliyoitaja inastahili aya yake. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, serikali iliwahamisha watu wa bondeni na kuwapeleka sehemu za juu, katika vijiji vya ujamaa. Rufiji ikawa miongoni mwa wilaya za mwanzo kabisa kuonja uhamisho ambao baadaye, katika miaka ya 1970, ulienea nchi nzima. Wapo wanaolaani kila kitu cha wakati ule, na wapo wanaokisifu chote. Mimi nilifundisha katika shule zilizojengwa kwa ajili ya vijiji vile, nami siwezi kusema kwamba shule ilikuwa kosa. Watoto walisoma, zahanati zilifunguliwa, na mafuriko ya mwaka 1974 yaliwakuta wengi wakiwa juu. Lakini shamba la mlao likawa mwendo wa saa nyingi kutoka nyumbani, na mtoto aliyekuwa shuleni msimu wote hakulala tena kwenye dungu pamoja na babu yake. Alijifunza kusoma, akaacha kujifunza mto. Hakuna aliyekusudia hivyo, ila ndivyo ilivyokuwa.

Kibiti yenyewe ni mtoto wa barabara. Mahali hapa panasimama magari ya kusini, na hapa njia ya Mloka inachepuka. Zamani msafiri wa Lindi na Mtwara aliogopa Ndundu kuliko kitu chochote: alifika mtoni, akakuta pantoni imesimama au maji yamepanda, akalala hapo siku moja, mbili, wakati mwingine wiki. Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, na Ndundu ya mama lishe, wavuvi na mabasi yaliyolala foleni ikatoweka kwa muda mfupi. Huo nao ulikuwa mji wa mto, umekwenda, na aliyeukumbuka sasa ana mvi. Mwaka 2015 na 2016 Kibiti ikamegwa kutoka Rufiji ikawa wilaya kamili, na sehemu kubwa ya Delta pamoja na Nyamisati, wanapopandia wasafiri wa Mafia, ikawa upande wake. Kwa bahati mbaya ni katika miaka hiyo hiyo, hadi 2017, jina la Kibiti lilipojaa magazetini kwa sababu ya mauaji ya askari polisi, viongozi wa vijiji na raia wengine. Niliumia sana kusikia watu wa mbali wakilitaja jina hilo kwa kuogopa. Mahali pasiposimuliwa na wenyeji wake husimuliwa na msiba wake.

Sasa limekuja jambo kubwa kuliko yote niliyoyataja. Fikra ya kujenga bwawa katika korongo la Stiegler ni ya miaka mingi, na mwaka 1975 iliundwa hata mamlaka ya kuliendeleza bonde. Mkataba wa ujenzi ulitiwa saini Desemba 2018, na waliopewa kazi ni kampuni mbili za Misri. Pori lililoitwa Selous, sehemu yake kubwa, mwaka 2019 likawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Bwawa likaanza kujazwa Desemba 2022, na mwaka 2024 mitambo yake, yenye uwezo wa megawati 2,115, ikaanza kutoa umeme. Mimi ni mtu niliyesahihisha madaftari kwa kibatari miaka mingi. Siwezi kuubeza umeme. Lakini mto ulioongozwa na mvua sasa unaongozwa pia na mlango wa chuma. Aprili 2024 maji yalifurika Rufiji na Kibiti, mashamba na nyumba zikafunikwa, na mjadala ukazuka: mvua kubwa za msimu ule, au maji yaliyofunguliwa bwawani? Sitaki kuingia katika mjadala huo. Ninachoona ni kwamba mzee aliyejua kuisoma rangi ya maji hana alama ya kumsomea mfungua mlango.

Wamisri wanayajua haya kuliko sisi. Bwawa lao kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970. Ili kulipisha ziwa lake, mji wa Wadi Halfa huko Sudan ulizama, na Wanubi kwa makumi ya maelfu walihamishwa kutoka nchi ya mababu zao. Mahekalu ya Abu Simbel hayakuzama. Kati ya mwaka 1964 na 1968, kwa wito wa UNESCO na fedha za mataifa mengi, yalikatwa vipande, vikapewa namba, vikainuliwa juu ya ukingo kama mita 65 na kuunganishwa upya. Na chini ya bwawa, tope la mafuriko halikuja tena. Wakulima wakategemea mbolea ya kununua, na ufuko wa delta ukaanza kuliwa na bahari.

Bwawa letu, tofauti na lile, halikuzamisha mji wowote mkubwa. Ziwa lake limo hifadhini. Kwa hiyo hakuna aliyepiga mbiu ya kuokoa kitu. Lakini kile kitakachobadilika ni upande wa chini: mlao, maziwa ya samaki, tope linaloilisha mikoko. Elimu ya mto ndiyo Abu Simbel yetu, na haina vipande vya kutiwa namba. Imo vichwani mwa wazee wa Mohoro, Utete, Salale, Mbwera na Nyamisati, na wazee hao kila mwaka tunawasindikiza makaburini. Wakiisha wao, hata likija shirika lenye fedha za dunia nzima, halitakuwa na la kukata wala la kuinua.

Basi tufanye nini? Mimi ni mwalimu, na mapendekezo yangu ni ya kimwalimu, madogo na ya gharama ndogo. La kwanza, kila shule ya msingi ya bonde iwe na daftari la kijiji. Wanafunzi wa darasa la sita waende kwa wazee, waandike tulikuwa wapi, tulihama lini, tuliacha mti gani, mlao ulilimwaje. Daftari moja kila mwaka, lifungiwe kabatini pamoja na sajili ya mahudhurio. La pili, Mohoro na Ngarambe pawekwe ubao ulioandikwa kwa Kiswahili, unaomweleza mpita njia ni nani alifia hapa, na kwa nini. Hapana haja ya mnara. La tatu, vijana wanaowatembeza wageni Delta, wakiisha kuwaonyesha ilipozama Königsberg, wawaonyeshe pia mkandaa na mchu, wawaeleze boriti ilifika wapi, na vipande vya manowari vilikokotwa na nani.

Na la mwisho nimejifunza kwa Wamisri hao hao. Katika kisiwa cha Roda, Cairo, kuna kisima cha mawe kilichojengwa mwaka 861, chenye nguzo katikati iliyochorwa vipimo. Kila mwaka maji ya Nile yalipopanda, yalisomwa pale, na kwa kipimo hicho watu walijua kama mwaka utakuwa wa shibe au wa njaa. Mafuriko ya Nile hayapandi tena Cairo, lakini nguzo ipo, na wageni hulipa kiingilio kuitazama. Nasi tusimamishe nguzo moja ya zege Utete, na nyingine chini ya Daraja la Mkapa. Wazee walio hai waonyeshe maji yalifika wapi, nasi tuchore mstari na mwaka: 1968, 1974, 1998, 2020, 2024. Mgeni akishuka Kibiti na kuuliza historia iko wapi, apelekwe hapo kwanza. Na mtoto wa darasa la tatu, anayepita hapo akienda kuteka maji, asimame kidogo ajipime urefu wake na mto wa babu yake.